Django sina ugomvi nayo, ila ule ukurasa wa 403 sijausamehe

"Ndugu mteja, tatizo liko kwenye msimbo wako. Tunakushauri uwasiliane na mtaalamu aliyekutengenezea tovuti."

Hilo ndilo jibu la kampuni inayohifadhi tovuti yangu, nilipowaambia fomu zimegoma. Jamani, mtaalamu aliyenitengenezea tovuti ni mimi. Niliiandika mwenyewe, nikaipandisha hewani mwenyewe, na msimbo ulikuwa umekaa wiki kadhaa bila mkono wa mtu kuugusa. Kitu kisichoguswa kinaharibikaje chenyewe usiku? Siku nyingi nilikuwa nataka kuisifia Django, fremuweki ya Python ya kujengea tovuti, kwa maandishi, sasa naandika nikiwa na donge kooni, kwa hiyo mnivumilie sifa na matusi vikichanganyika.

Tovuti yenyewe ni ndogo. Ni ya vitabu vyangu: nani kaazima kipi, tangu lini, na nani anajifanya kasahau. Kuna orodha, kuna fomu ya kuomba kitabu, kuna kitufe cha "Nimerudisha". Basi. Mtu ataniuliza kwa nini nichukue fremuweki kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo. Kwa sababu ya uvivu, na siuonei haya. Naandika modeli (maelezo ya data) moja ya kitabu na moja ya mwazimaji, naendesha amri za makemigrations na migrate, jedwali zinajitokeza kwenye hifadhidata. Nazisajili kwenye admin.py kwa mistari miwili mitatu, na hapo hapo nina paneli ya usimamizi: kurasa za kuongeza, kuhariri na kufuta, tena zinazokumbuka nani kabadilisha nini. Hii si bahati. Django ilitoka kwenye chumba cha habari, gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ikawekwa wazi kwa umma mwaka 2005. Watu wa gazeti hawana muda wa kumngoja fundi awajengee ukurasa wa kuingizia habari. Nami nikitoka kazini jioni sina muda huo. Paneli ya usimamizi ndiyo iliyoniweka Django miaka yote hii, mengine ni ziada.

Sasa siku hiyo rafiki mmoja ananiandikia kwamba amerudisha kitabu lakini tovuti "imemkataa". Nikafungua. Ukurasa wa mwanzo safi. Orodha ya vitabu safi. Nikabonyeza "Nimerudisha": 403, yaani ombi limekataliwa. Nikajaribu fomu ya maombi: 403. Nikasema si neno, niingie kwenye paneli nirekebishe kwa mkono. Jina, nywila, ingia: 403. Nimefungiwa nje ya tovuti yangu mwenyewe! Kusoma ruksa, lakini chochote kinachotumwa kwa fomu kinagonga mwamba, na kuingia kwenye paneli nako ni fomu.

Ukurasa wenyewe unasema nini? Unasema uhakiki wa CSRF (kinga dhidi ya tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina lako) umeshindwa na ombi limekatishwa. Halafu chini yake, kwa upole wa kuudhi kabisa, unaongeza kwamba maelezo zaidi yanapatikana ukiweka DEBUG=True, yaani ukiwasha hali ya kusaka makosa.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nyaraka za Django hizo hizo ndizo zinazokukataza, kwa msisitizo, usiweke tovuti hewani huku DEBUG ikiwa imewashwa, maana kurasa za makosa zitamwonyesha kila mpita njia vipande vya msimbo wako na mipangilio yako. Kwa hiyo sababu ipo, fremuweki inaijua, lakini ili nami niijue natakiwa kufanya jambo nililokatazwa. Ni kama daktari anayekuambia majibu ya vipimo yako tayari, ila mpaka uvue nguo barabarani ndipo akusomee.

Ningeandika haya dakika ile, Django ingepata nyota mbili.

Na subirini, kuna kubwa zaidi. Sababu ya ile 403 huwa inaandikwa kwenye logi (daftari la matukio ya seva), chini ya jina django.security.csrf, kwa daraja la onyo. Ila kwa mipangilio inayokuja na Django, maonyo yanachapishwa kwenye konsoli DEBUG ikiwa imewashwa tu. Ukishaizima, kinachobaki ni barua pepe kwa wasimamizi, nazo ni za makosa makubwa peke yake, hizo 500 za seva kushindwa yenyewe. Onyo langu lilisemwa chumbani pasipo mtu. Ilinibidi niandike kipande cha LOGGING (mipangilio ya logi) kwenye settings.py, niwashe seva upya, nibonyeze tena, ndipo nikapata sentensi niliyokuwa naitafuta muda wote huo: ukaguzi wa Origin umeshindwa, anwani yangu yenye https haioani na anwani zinazoaminika.

Sentensi moja! Ingewekwa mahali ninapoweza kuiona, nisingepoteza jioni nzima.

Iko hivi. Kivinjari kinazungumza HTTPS na proksi, seva ya kati ya kampuni inayohifadhi tovuti. Proksi inafungua usimbaji, kisha inaipelekea Django ombi kwa HTTP ya kawaida huko ndani. Ili Django ijue kwamba mgeni alikuja kwa njia salama, proksi inabandika heda (lebo inayosafiri na ombi) ya X-Forwarded-Proto yenye neno https, na mimi nilishaielekeza Django iiamini kupitia SECURE_PROXY_SSL_HEADER. Tangu toleo la 4.0, lililotoka Desemba 2021, Django inapopokea fomu inaangalia pia heda ya Origin, ambamo kivinjari chenyewe kinataja ombi limeanzia anwani gani. Kivinjari kinasema https. Django, isipoiona ile heda ya proksi, inajihesabu iko kwenye http. Jina la tovuti ni lile lile, lakini mwanzo wa anwani hauoani, basi inakataa.

Nikaandika view (kipande cha msimbo kinachojibu ombi) ya mistari mitatu inayorudisha request.headers kama zilivyofika. Nikaifungua kwenye simu. Host ipo, User-Agent ipo, X-Forwarded-For ipo. X-Forwarded-Proto hakuna. Nikasoma orodha mara ya pili kwa kidole. Hakuna. Mtu fulani kwenye kampuni ile amegusa proksi, heda ikadondoka, na hakuna mteja aliyeambiwa.

Kwa hiyo Django haikukosea. Ilipewa taarifa mbili zisizopatana, ikakataa kupokea fomu, na hiyo ndiyo kazi yake. Zile nyota mbili nazifuta.

Nikatuma picha ya orodha ya heda kwa huduma kwa wateja, nikaeleza kwa lugha nyepesi, hata mtoto angeelewa. Jibu likatoka kwa mtu mwingine, maneno yale yale ya "Ndugu mteja", safari hii na nyongeza: kifurushi cha juu kina msaada wa kitaalamu, je, ningependa kuhamia? Yaani wamenivunjia mlango, sasa wananiuzia fundi. Nikajibu kwa ukali, nakiri, ila bila tusi. Kimya. Baadaye tiketi ikafungwa ikiwa na alama ya "imetatuliwa", wakati heda bado haipo. Siku chache mbele ikarudi yenyewe, bila salamu wala samahani.

Katikati ya kungoja nilijiokoa kwa CSRF_TRUSTED_ORIGINS, mpangilio wa zile anwani zinazoaminika: niliandika humo anwani yangu yenye https. Fomu zikafufuka mara moja. Haikuwa dawa kamili, maana Django iliendelea kuamini iko kwenye http, na viungo vya kubadilisha nywila vinavyotumwa kwa barua pepe vingetoka na http. Lakini rafiki yangu aliweza kurudisha kitabu, na mimi nikaingia kwenye paneli.

Hapo kuna jambo lililoniudhi na kunifurahisha kwa pamoja. Kuna majibu mengi ya zamani mtandaoni yanayokuelekeza kuweka jina la tovuti tupu kwenye mpangilio huo, bila https mbele, kwa sababu kabla ya 4.0 ndivyo ilivyotakiwa. Ukifuata hayo, ukiendesha amri ya check kwenye kompyuta yako Django inakusimamisha na kukuambia waziwazi: kuanzia 4.0 thamani lazima ianze na http:// au https://, na uliyoandika ni hii hapa. Inakutajia kosa, inakutajia toleo, inakuonyesha ulichoandika. Ndivyo ninavyoijua Django, na ndiyo maana naipenda. Ukiwa nayo nyumbani, inaeleza kila kitu mpaka unaionea aibu. Ikishapanda hewani inakuwa bubu, na huko ndiko mtu mmoja asiye na timu anakohitaji kuambiwa. Sijasema imwonyeshe mgeni siri zangu. Nasema lile onyo litoke kwenye konsoli ya seva, ambayo ni mimi tu ninayeisoma, bila kunilazimisha kwanza nijifunze mfumo mzima wa logi saa nne usiku.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa kujengea miradi ya mtu binafsi, tano. Sijaona kingine kinachonipa paneli, watumiaji, migresheni na fomu kwa jasho dogo namna hii. Kwa siku ya matatizo, tatu, na nikikumbuka ule mstari wa DEBUG=True natamani kuishusha tena. Tuseme nne, na nikianza mradi mwingine kesho nitaanza na Django, kile kipande cha LOGGING kikiwa ndani tangu siku ya kwanza.

Kampuni siipi hata nusu. Kifurushi changu kwao kikiisha nahama.