Flashi ya bei ya chini kwa studio ya nyumbani: uzoefu wangu na Godox TT600 hapa Lubumbashi

Ba ndugu bale munaanza kupiga picha mu nyumba, na salon moja tu, ukuta nyeupe na apareyi ya kawaida, hii njo yenu. Miye natumikaka na Godox TT600, na mutu akiniuliza leo anunue flashi gani ya kwanza namuambia ileile.

Muelewe tangu mwanzo kama TT600 haina TTL, maana yake haijipimie mwangaza yenyewe, wewe njo unachagua nguvu kuanzia 1/1 (nguvu yote) mpaka 1/128 (kidogo kabisa). Hapo batu bengi banaogopa, banaenda kulipa feza ya kuzidi kwa flashi ya otomatike. Lakini mu studio mutu anakaa palepale ku kiti, flashi iko palepale ku trepie, mwangaza utabadilika kwa sababu gani? Unaanza na ISO 100 (vile apareyi inasikia mwangaza), f/5.6 (vile tundu ya lensi inafunguka), nguvu 1/8 ku flashi, unaangalia picha, unaongeza ao unapunguza, kisha jamaa yote inapita, baba, mama, batoto na nguo zao za komunyo, na picha zote zinatoka sawa. TTL inaweza kubadilisha kila mara mwenye nguo nyeupe anapisha mwenye nguo nyeusi. Hiyo iko muzuri kwa bale banafuata maharusi mbiombio, si kwa salon.

Kitu yenye ilinivuta ni radio, iko tayari ndani ya flashi, 2.4 GHz, unanunua tu triga ya Godox kama X2T, ile kifaa kidogo yenye inaamuru flashi kwa radio, unaiweka juu ya apareyi na flashi inawaka hata ikiwa nyuma ya mutu ao nyuma ya pazia. Triga njo inapaswa kufanana na apareyi yako, Canon yake, Nikon yake, flashi yenyewe ikiwa mbali na apareyi haijali. Ukiona haiwake angalia kwanza kama chaneli na kundi, zile namba na herufi unachagua ku triga na ku flashi, ni zilezile pande zote mbili. Neewer TT560 iko na bei ya chini kuliko hii, lakini haina radio, inangojea kuona mwangaza ya flashi ingine njo iwake, mu chumba kidogo inasaidia, jua ikiingia kwa dirisha inaanza kuruka picha. Yongnuo YN560 IV iko na radio yake na ni flashi ya nguvu, naiheshimu, ila kwa Godox triga ileile itakuja kuwasha hata flashi kubwa za studio siku feza itapatikana.

Benye Canon munisikie vizuri: 4000D na 250D hazina ile pini ya katikati pale juu penye flashi inaingia, sasa TT600 ukiichomeka pale haitawaka hata kidogo. Fungua ile flashi ndogo ya apareyi, weka TT600 mu S2, ile mode ya kuwaka ikiona mwangaza ya flashi ingine, itaifuata.

Sasa juu ya umeme. Kuko flashi za studio za kuchomeka ku ukuta, kama Godox MS300 ya 300 Ws (kipimo ya nguvu ya flashi), nguvu yake inapita hii yangu mbali. Lakini hapa kwetu umeme inakatika, inarudi na nguvu ya ovyo, na mteja amekaa ameshavaa koti. TT600 inakula mapile 4 za AA tu. Nunua za kuchaji, NiMH za kweli kama Eneloop, 8 ikiwezekana, 4 zinafanya kazi na 4 ziko ku chaja umeme ikirudi. Zile mapile za bei ya chini sana za sokoni zinafanya ungojee mpaka mutu anachoka kucheka.

Feza yenye ulichunga kwa kuacha TTL, weka mu mwavuli kubwa nyeupe ya studio, ile ya kulainisha mwangaza, na trepie, mbele ya kufikiri flashi ya pili. Hapa nasema kwa moyo wote juu ni ngozi yetu: flashi ya wazi inapiga alama nyeupe ku paji la uso na ku pua, na macho yanabaki mu kivuli. Mwavuli ikiwa karibu, metre moja hivi, pembeni na juu kidogo ya kichwa, ngozi nyeusi inatoka na rangi yake yote. Ukiisogeza mara mbili mbali, mwangaza inabaki robo tu, na inaanza tena kuwa kali. Mutu naye asiegemee ukuta, aache metre moja na nusu ao mbili.

Namba 60 yenye imeandikwa ku kartoni, ile ya kuonyesha nguvu ya flashi, isikudanganye, walipima na zoom ya flashi ku 200 mm, mwangaza ikiwa imekusanywa, ndani ya mwavuli hautaipata. Na ukipiga 1/1 bila kupumzika inachoka, inapata moto, inaanza kuchelewa sana kujaa tena mpaka ipoe, njo maana miye nabakia kati ya 1/8 na 1/4.

Bei ku maduka ya intaneti inabadilikaka, huku kwetu inapanda na njia. Ukinunua ya mukono wa pili, beba mapile zako, iweke 1/1, bonyeza tesiti mara kadhaa mbele ya muuzaji, angalia kama kioo ya mbele haijaungua, na omba triga mujaribu radio mbele ya kutoa feza.