Vizito vya silikoni vya misuli ya nyonga: vinasaidia, havifundishi

Mitandaoni huuzwa kwa jina la "mayai ya kubana": vipande sita vya silikoni vya kuingizwa ukeni, vyenye umbo la tone, kila kimoja na mkia mwembamba wa kukivuta nje. Ukubwa haubadiliki, uzito ndio hupanda, kuanzia kama gramu 25 hadi 125. Wauzaji hutangaza zaidi mambo ya chumbani. Mwanamke aliyekoma hedhi hununua kwa shida nyingine: mkojo unaomtoka akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo.

Kwa shida hiyo kifaa kina kazi. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ya 2013 yaliona kuwa vizito ni afadhali kuliko kukaa bila tiba, lakini hayakuonyesha kwamba vinayashinda mazoezi ya kubana misuli hiyo bila kifaa, ambayo ni bure.

Kasoro kubwa ni karatasi ya maelekezo, ambayo kwa kawaida huonyesha jinsi ya kuingiza na kunyamazia kubana kwenyewe. Lala chali, magoti juu. Vuta kwa ndani kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, huku matako na mapaja yametulia na pumzi inaendelea. Wengi husukuma chini kama wanaopata choo, na hilo huzidisha tatizo. Pima kwa kidole safi ukeni: kikibanwa na kuvutwa ndani, uko sawa, kikisukumwa nje, kizito hakitakusaidia bado. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 isiyopungua, chini ya msimamizi. Idara za fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya mwili) za hospitali kubwa, kama Muhimbili au KCMC, ndizo pa kuanzia.

Ukishajua kubana, anza na kizito chepesi kabisa. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kipake kilainishi cha maji, ukiingize hadi mkia tu ubaki nje, kisha simama. Kikitaka kuteleza, misuli hujibana kukizuia. Hapo ndipo zoezi lilipo. Dakika 15 ukitembea zinatosha. Kikikaa bila taabu siku kadhaa, panda kinachofuata. Kikianguka ndani ya dakika moja, rudi nyuma.

Lakini kizito hudanganya. Kikilala upande hukaa hata misuli ikiwa imelala. Kwa aliyekoma hedhi, ukavu wa uke nao unaweza kukishikilia, akadhani amepata nguvu. Ndiyo maana kilainishi hakikwepeki, na kiwe cha maji: cha silikoni kinaweza kuharibu silikoni, na vaselini si ya ukeni.

Ukavu huo hutokana na kushuka kwa homoni ya kike ya estrojeni. Ngozi ya uke hunyauka na kuchubuka upesi. Kizito kikiwasha au kuacha damu, acha, umwone daktari. Krimu ya estrojeni ya ukeni, anayoandika yeye, mara nyingi huleta nafuu ambayo kifaa hakiwezi. Kuna wauzaji wanaoongeza pakiti ya shabu (alum) "ya kubana zaidi". Itupe. Shabu hukausha na kukunja ngozi, haigusi misuli hata kidogo.

Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi ni ya hospitali kwanza, kifaa baadaye. Vivyo hivyo kizazi kilichoshuka hadi kuonekana, maambukizi, au maumivu ya nyonga, kwani misuli inayouma huenda imekaza kupita kiasi na inahitaji kulegezwa. Ambaye shida yake ni kukimbilia choo ghafla asitegemee vizito. Huyo hufaidika zaidi na kuzoesha kibofu, yaani kurefusha muda kati ya safari za choo kidogo kidogo, kwa wiki 6 au zaidi.

Jambo moja halimo kwenye boksi, nalo ndilo lenye faida ya haraka: bana kabla hujakohoa au kunyanyua, si baada yake.

Kuhusu bei: huenda usivuke kizito cha tatu au cha nne. Ukimpata muuzaji anayeuza kimoja kimoja, chukua viwili vyepesi, na fedha inayobaki mlipe mtaalamu wa fiziotherapia.