Kubadilisha kontroli boksi ya gari Tabora: huduma ya gereji moja ya Isevya

Gereji ya umeme wa magari iliyopo Isevya, hapa Tabora mjini, ndiyo iliyonibadilishia kontroli boksi ya injini, yaani kompyuta inayoiongoza injini, na sifa yake kubwa ni kwamba haikuwa na haraka ya kuibadilisha. Gari langu, Toyota ya petroli, lilikuwa likizimika injini ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa, huku mashine ya kupimia ikionyesha hitilafu za sensa (vifaa vinavyoipimia boksi hali ya injini) kadhaa kwa pamoja. Fundi wa kwanza alikwisha kuniambia kuwa boksi imekufa na kunitaka nilipie nyingine papo hapo.

Huyu wa Isevya alianza na betri, fyuzi na nyaya za erthi, kisha akapima umeme wa volti 5 ambao boksi huupeleka kwenye sensa, akizichomoa moja baada ya nyingine. Alinieleza kwamba sensa moja tu yenye shoti inaweza kuushusha umeme huo, zilizo nzima nazo zikaonekana mbovu, na mwenye gari akauziwa boksi asiyoihitaji. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, nami naona ndiyo iliyostahili malipo kuliko zote. Umeme ulipoendelea kuyumba ilhali sensa zote zimechomolewa, ndipo alipofungua boksi na kunionyesha kutu ya kijani iliyokula bodi yake, kwa maji yaliyokuwa yakipenya kwenye mpira wa kioo cha mbele. Mpira huo aliuziba bila kunitoza.

Boksi nyingine, iliyokwisha kutumika, iliagizwa Dar es Salaam, naye hakuikubali mpaka nambari yake, ambayo kwa Toyota nyingi huanza na 89661, ilipolingana yote na ya zamani. Kwa kuwa gari lina immobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka kwa ufunguo usioutambua, alihamisha chipu ya kumbukumbu kutoka boksi ya zamani, hivyo funguo zangu zikaendelea kutambuliwa. Silensa, yaani kasi ya injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ilipanda kidogo mwanzoni, ikatulia yenyewe.

Kasoro ipo kwenye maandishi. Gharama ya kuhamisha chipu sikutajiwa mapema, na dhamana ya boksi niliahidiwa kwa mdomo tu, jambo lisilofaa kwa kifaa cha bei kubwa kilichokwisha kutumika. Anayepeleka gari pale aombe yote mawili yaandikwe kwenye risiti kabla betri haijachomolewa.