Shamba Lisilo na Farasi: Mapitio ya Albamu ya Animals ya Pink Floyd

Wapenzi wengi wa muziki wa roki huelezwa kwa ufupi kwamba Animals, albamu ya bendi ya Kiingereza Pink Floyd, ni ile hadithi ya George Orwell ya mwaka 1945 iliyotiwa muziki. Msomaji wa Kiswahili, ambaye huenda alikutana na hadithi hiyo kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, akiinunua albamu kwa ahadi hiyo atajiona amepunjwa. Humu hamna shamba, hamna mapinduzi, hamna amri saba zinazobadilishwa kisirisiri ukutani, wala hamna yule farasi mchapakazi ambaye mwisho wake ndio unaowaliza wasomaji. Kilichochukuliwa ni nguruwe, mbwa na kondoo tu. Hata hivyo, naihesabu kuwa miongoni mwa kazi za roki zilizoazima kwa akili kubwa kutoka katika fasihi, na toleo lake lililochanganywa upya, yaani sauti za rekodi ileile zikipangwa upya, lililoingia sokoni Septemba 2022, limenipa sababu ya kuisikiliza tena kitabu kikiwa mkononi.

Albamu ilirekodiwa mwaka 1976 katika studio ya bendi yenyewe, Britannia Row, mtaa wa Islington jijini London, ikatoka Januari 1977. Ina nyimbo tano: vipande viwili vifupi vya mapenzi, vyote vikiitwa "Pigs on the Wing", kimoja kikifungua na kingine kikifunga, na katikati yake nyimbo tatu ndefu. Jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja ni kwamba mbili kati ya hizo tatu, yaani "Dogs" na "Sheep", zilikwisha kupigwa jukwaani tangu mwaka 1974 zikiwa na majina mengine kabisa. Roger Waters, mpiga besi na mtunzi mkuu wa bendi, ndiye aliyerudi baadaye kuyafanyia kazi maneno yake, akatunga "Pigs" ili kukamilisha ngazi ya wanyama watatu, na hivyo Orwell akaingia wakati sehemu kubwa ya muziki ilikwisha kuwapo.

Si kila mwanaroki huazima namna hiyo. Iron Maiden, mwaka 1984, walilichukua shairi la Mwingereza Coleridge kuhusu baharia mzee wakalisimulia hatua kwa hatua kwa zaidi ya dakika 13. David Bowie alitaka kuigeuza riwaya nyingine ya Orwell, Nineteen Eighty-Four, kuwa mchezo wa kuimba. Mjane wa mwandishi akakataa, na mabaki ya mpango huo yakaishia katika Diamond Dogs ya mwaka 1974. Waters hakusimulia hadithi ya mtu mwingine, kwa hiyo hakuwa na haja ya kufuata mwendo wake.

Ubora wa njia hiyo unaonekana zaidi katika "Dogs". Katika kitabu, mbwa hawana la kusema. Ni watoto tisa wanaonyakuliwa kwa mama zao na kulelewa darini na Napoleon, nguruwe mtawala, na wanapotokea tena wamekuwa majitu ya kunguruma na kurarua, basi. Waters na mpiga gitaa David Gilmour wamewapa mbwa dakika 17, muda mrefu kuliko mnyama mwingine yeyote, na wamewapa pia nafsi. Mbwa wao ni mtu wa ofisini anayefunzwa kuvaa tai inayofaa, kushikana mikono kwa uthabiti na kutabasamu kwa wepesi, ili anaowadanganya wamwamini na apate kuwachoma kisu watakapompa mgongo. Kisha anazeeka, hofu inamwingia, anakimbilia kusini kwenye jua, na anakufa peke yake kwa saratani. Mahali ninapoparudia kila mara ni pale Gilmour anapomalizia nusu yake ya wimbo: neno la mwisho, linalomaanisha jiwe, linarudishwa na mwangwi mara nyingi mno, likizama taratibu chini ya vinanda huku mbwa wakibweka kwa sauti iliyopitishwa katika mashine, mpaka linakoma kuwa neno na kubaki mdundo. Mwishoni Waters anashika usukani kwa mfululizo wa mistari inayoanza kwa neno lilelile, takriri ambayo imewakumbusha wengi shairi la Howl la Allen Ginsberg. Orwell alihitaji mbwa watishe tu. Hapa tunaambiwa mtishaji naye analala na hofu gani.

"Sheep" nayo ina asili mbili. Kondoo wa Orwell ni wapayukaji wa kaulimbiu, wanaofundishwa kaulimbiu mpya pindi ya zamani inapokuwa haiwafai wakubwa. Waters amewachanganya na kondoo wa Zaburi ya 23, na Mkristo yeyote aliyekariri "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" ataitambua hata kabla ya kuyashika maneno, kwa maana inasomwa katikati ya wimbo kwa sauti iliyofanywa ya kimashine. Mchungaji huyu anawaongoza kondoo hadi kwenye maji ya utulivu, kisha kwenye visu vinavyong'aa, akawatundika kwenye kulabu na kuwageuza vipande vya nyama. Wapo watakaoudhika, nao wana haki yao, ingawa mimi naona anayekejeliwa ni mchungaji wa bandia. Baada ya hapo kondoo wanajifunza karate, wanainuka na kuwaua mbwa, jambo ambalo Orwell, aliyekuwa akiuandama utawala wa Stalin katika Muungano wa Kisovieti, hakuwapa kondoo wake kamwe. Lakini msikilizaji asishangilie mapema: mara tu habari za vifo vya mbwa zinapotangazwa, sauti ileile inawaonya watu wakae nyumbani na kutii wanavyoambiwa. Hapo, pasipo shamba wala nguruwe anayetembea kwa miguu miwili, Waters amefika palepale kitabu kinapoishia.

"Pigs" ndiyo dhaifu, nami sioni sababu ya kuizungukazunguka. Gilmour anapitisha sauti ya gitaa katika mrija ulio mdomoni mwake hadi chombo kinaguna kama nguruwe, na sehemu hiyo inafurahisha, lakini maneno ni matusi kwa watu watatu wa Uingereza ya wakati ule. Mmoja anatajwa kwa jina, Mary Whitehouse, mwanaharakati aliyepinga uchafu katika televisheni, na asiyemfahamu hana la kushika. Napoleon wa Orwell anaeleweka hata na mtoto ambaye hajawahi kumsikia Stalin.

Kuhusu toleo lenyewe, mhandisi wa sauti James Guthrie ameichanganya sauti upya kwa uangalifu. Gitaa la besi na ngoma, vilivyokuwa kama vimefunikwa blanketi, sasa vina nafasi yake, na kinanda cha umeme cha Richard Wright mwanzoni mwa "Sheep" kinasikika kila noti. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2018 lakini ikakwama kwa mvutano kati ya Waters na Gilmour kuhusu maelezo ya albamu yaliyoandikwa na mwandishi wa muziki Mark Blake, ambayo hatimaye yaliachwa nje. Kwa anayetaka kujua maneno haya yalitoka wapi, hilo ni pengo kubwa, kwa sababu picha, hata ziwe nzuri kiasi gani, hazimwelezi jinsi nyimbo za mwaka 1974 zilivyovikwa ngozi za wanyama. Jalada jipya linaonyesha kituo cha umeme cha Battersea jijini London kikiwa kwenye matengenezo, na nguruwe wa mpira akielea bado, kama katika jalada la kwanza. Nguruwe wa kwanza, aliyerushwa hewani kwa ajili ya picha ya jalada hilo, alikata kamba tarehe 3 Desemba 1976, akavuruga safari za ndege za uwanja wa Heathrow, na kuangukia shambani huko Kent, ambalo ndilo shamba pekee katika mkasa mzima wa albamu hii.

Aliye na santuri ya mwaka 1977 isiyokwaruza hana ulazima wa kununua tena, isipokuwa kama ana spika za kusikilizia mchanganyiko wa sauti ya kuzunguka uliomo katika toleo la gharama. Anayeanza anunue CD ya mchanganyiko mpya, na kwa kuwa maelezo hayamo, aazime na Shamba la Wanyama maktabani.