ddrescue na TestDisk: uzoefu wangu wa kuokoa patisheni iliyoharibika, hapa Lubumbashi

Kama diski yako bado inaonekana kwenye kompyuta, lakini Windows inakwambia lazima uifomati ndipo uitumie, usibonyeze kitu. Funga ujumbe, chomoa diski, kisha soma hapa. Nataka kueleza programu tatu za bure za kuokoa kazi za watu: ddrescue inayokopi diski nzima, TestDisk inayotengeneza patisheni (sehemu ya diski yenye faili zako), na PhotoRec inayochimbua faili moja moja. Nimezitumia kwa umeme wetu huu na kwa mega (data ya intaneti) za kununua. Naona watu wengi wanakimbilia PhotoRec moja kwa moja, wakati ddrescue ndiyo inayookoa diski.

Nina kibanda cha kuchapa na kufanya fotokopi katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Msimu wa wanafunzi kutetea TFC (kazi yao ya kumaliza masomo) ukifika, wananiletea karatasi walizoandika kwa mkono, mimi nachapa, profesa anasahihisha, tunarudia, na kila toleo ninalihifadhi. Zote zilikuwa kwenye diski ya nje ya giga 500, yenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows. Umeme ulikatika wakati faili zinaandikwa, ukarudi, ukakatika tena papo hapo. Baada ya hapo diski ilionyesha herufi yake tu, bila ukubwa, na kwenye usimamizi wa diski ikaandikwa RAW.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Mama, hii ni ya kufomati, hakuna njia nyingine." Wa pili alitaka dola 100 mbele bila kuahidi chochote. Mtoto wa mdogo wangu, anayesoma informatiki, ndiye aliyenituliza: "Mama mkubwa, RAW maana yake Windows haitambui mfumo wa faili. Haisemi kwamba faili hazipo."

Na ni kweli. Sekta (kipande kidogo cha diski) ya kwanza ya patisheni ya NTFS, ile ya buti, ndiyo inayosema jedwali kuu la faili, MFT, linaanzia wapi. MFT nayo ina jina la kila faili, ukubwa wake na mahali vipande vyake vilipo. Ni kama daftari la mtunza ghala: ukurasa wa kwanza ukichanika, magunia hayajatoka ndani. Kufomati kwa haraka kunaandika daftari jipya juu ya la zamani. Kufomati kamili ni kubaya zaidi, kwa sababu tangu Windows Vista kunajaza sufuri patisheni nzima, na hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski ambayo kila mtu anaitaja, inakataa kufanya kazi kwenye RAW. Hata pale inapokubali, siishauri kwa diski yenye kazi muhimu ambazo hazijakopiwa. Kazi yake ni kuuweka mfumo wa faili sawa, si kuokoa faili zako, na inaandika juu ya diski ile ile iliyo mgonjwa.

Kabla ya lolote tuliangalia afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure. Ikaonyesha rangi ya njano, na mstari wa C5, wa sekta zinazosubiri kuhakikiwa, haukuwa sufuri. Kwa hiyo shida haikuwa sekta ya buti peke yake. Diski yenyewe ilianza kuchoka. Hapo ndipo ddrescue inapohitajika. Na kama diski yako inagonga, tak tak tak, izime kabisa: hilo ni tatizo la vyuma vya ndani, na kila dakika unayoiwasha inaweza kuikwaruza zaidi.

Kijana aliniwekea SystemRescue kwenye flashi. Ni Linux (mfumo wa uendeshaji, kama Windows) inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, na ddrescue na TestDisk zimo ndani. Kuipakua kunakula giga moja hivi au zaidi, basi nunua mega za kutosha. Amri ni mstari mmoja:

ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img ramani.map

Hiyo sdb ni diski mgonjwa. Hakikisha kwanza kwa amri ya lsblk, ukiangalia ukubwa, maana kwenye kompyuta nyingine inaweza kuwa sdc. Faili ya picha, yaani nakala kamili ya diski nzima, inakwenda kwenye diski nyingine nzima, yenye nafasi kubwa kuliko diski yote unayoiokoa, na isiwe ya FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili inayozidi giga 4. Mimi nilinunua diski mpya ya tera moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa gharama kubwa ya kazi hii.

Ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, inasoma kwanza sehemu zinazosomeka vizuri. Ikikwama inaruka, inaendelea mbele, na zile ngumu inazirudia mwishoni. Diski inayokufa inakupa kilicho kizima kabla ya kuchoka kabisa. Lakini kilichonifanya niipende ni ile faili ya ramani. Kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri. Umeme ulikatika katikati ya kazi, nikaona sasa tumerudi mwanzo. Uliporudi tukatoa amri ile ile, ikasoma ramani, ikaendelea pale ilipofika. Kwa mtu anayeishi na mgao wa umeme, sijaona programu inayomfaa kuliko hii. Na uwe na subira, usiende mbio: kwa USB 2, yenye kasi ya kama megabaiti 30 kwa sekunde, giga 500 zinaomba saa nne na nusu hivi diski ikiwa nzima. Ikiwa na sekta mbovu ni zaidi sana. Baada ya mzunguko wa kwanza tulirudia bila -n (inayoiambia iziache kwanza sehemu ngumu), tukaweka -r3 ili ijaribu tena zile sekta ngumu, na baadhi zikakubali.

Tangu hapo diski mgonjwa ikakaa kwenye droo. Kila kitu tulikifanya juu ya picha.

TestDisk ni ya Mfaransa Christophe Grenier. Inatisha kwa sura: ukurasa mweusi, maandishi tu, unatembea kwa vitufe vya mishale, na maneno yote ni ya Kiingereza. Bahati nzuri kwenye cgsecurity.org kuna maelezo ya hatua kwa hatua kwa Kifaransa, na wengi wetu tunakisoma. Tuliandika testdisk picha.img, tukakubali aina ya jedwali iliyopendekezwa, tukaingia Advanced, tukachagua patisheni, kisha Boot. Ikaonyesha sekta ya buti ni mbovu na nakala yake ni nzima. NTFS inaweka nakala ya sekta hiyo mwishoni kabisa mwa patisheni, na ndiyo iliyotuokoa. Tukachagua Backup BS, tukathibitisha, kisha List, na folda za wanafunzi zikatokea zote kwa majina yake. Nililia, sitaki kuficha. Kitufe cha a kinachagua zote, C kubwa inazikopi kwenda mahali unapotaka.

Kwa ambaye patisheni yake imepotea kabisa, njia ni Analyse, halafu Quick Search, na isipoonekana Deeper Search. Bonyeza P uone faili zako kwa macho kabla ya kugusa Write. Hilo neno Write ndilo linaloniogopesha katika TestDisk: liko karibu mno na mengine, na linaandika jedwali jipya la patisheni. Ukifanya kazi juu ya nakala, hofu hiyo inapungua sana.

PhotoRec inakuja pamoja na TestDisk, na haiangalii mfumo wa faili hata kidogo. Inatafuta alama ambazo faili za kila aina huanza nazo, na inatambua viendelezi zaidi ya 480, yaani miishio ya majina kama .docx. Kwa mpiga picha inafaa sana. Kwangu ilikuwa mateso, kwa sababu majina yote yanapotea: unapata folda za recup_dir zenye faili kama f0234567.docx. Fikiria mamia ya TFC ambazo kila moja inaanza na jalada la Université de Lubumbashi, na matoleo manne ya kazi moja. Itumie kama TestDisk imeshindwa. Mimi niliijaribu kwa faili chache ambazo hazikufunguka, zilizokuwa juu ya sekta zilizokataa, na haikuzirudisha. Hizo tulizichapa upya kutoka kwenye karatasi.

Niliwahi pia kuweka programu moja ya kulipia. Ilinionyesha orodha nzuri ya faili, na nilipotaka kuhifadhi ikaomba malipo kwa kadi ya benki, wakati mimi pesa yangu iko kwenye simu. Kibaya zaidi, ilianza kuchimba diski mgonjwa yenyewe bila kunishauri niikopi kwanza. Kwa diski yenye njano kama yangu, hiyo peke yake inatosha kuikataa.

Jambo la mwisho kwa wenye SSD (diski zisizo na sahani inayozunguka ndani): haya hayatawasaidia sana kwa faili zilizofutwa au diski iliyofomatiwa. SSD yenye TRIM inaambiwa na Windows ni sehemu zipi hazitumiki tena, nayo inazisafisha yenyewe. Kama ni patisheni iliyoharibika tu, bila kufutwa wala kufomatiwa, njia ni ile ile: picha kwanza kwa ddrescue, TestDisk baadaye.