Alamu ya 180,000 na maandishi ya 15,000: uzoefu wangu na IST Dar

Nina Toyota IST ya mwaka 2004, rangi ya fedha, yaani gari ambalo ukilipaki popote Dar es Salaam ukirudi utalikuta na ndugu zake watatu pembeni. Uzuri wake ni kwamba vipuri vyake havikosekani. Ubaya wake ni huo huo: kila kinachochomoka kwenye gari hili kina mteja anayekisubiri. Nasema mapema, maana mwenye gari lisilo na soko anaweza kuona natia chumvi.

Mara ya kwanza niliibiwa Sinza, kwenye shughuli ya shemeji yangu. Nilipaki nje ya ukumbi, chini ya taa kabisa, nikampa kijana aliyejitokeza shilingi elfu moja ya "kuangalia". Saa tano usiku natoka, vioo vya pembeni havipo. Si kioo peke yake, ni saiti mira nzima na gamba lake, kulia na kushoto, nyaya zinaning'inia. Kijana wa elfu moja naye hayupo.

Kesho yake nikaingia Kariakoo, mitaa ya vipuri, kutafuta nyingine. Muuzaji hakuniuliza mengi. "IST ya fedha? Kaa hapo bosi, nakuja." Baada ya dakika kama ishirini akarudi na jozi imefungwa kwenye gazeti. Mjini tuna utani kwamba Dar unauziwa kioo chako mwenyewe, basi nikazigeuza na kuzigeuza nikitafuta mchubuko wa geti letu uliokuwa kwenye kioo changu cha kushoto. Haukuwepo. Nakiri nilisikitika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nikalipa 70,000, nikaondoka. Bima yangu wakati huo ilikuwa bima ndogo, ile inayomlipa utakayemgonga. Habari za vioo vyangu mwenyewe haizijui.

Mara ya pili ndiyo iliyoniuma. Maegesho ya kituo kimoja cha maduka, mchana, Jumamosi, nimeingia kununua dawa na mkate. Begi la laptopu lilikuwa kiti cha nyuma. Nilibonyeza rimoti, nikaenda. Robo saa baadaye begi halipo, na hakuna hata ufa kwenye kioo. Mlinzi alinionesha kibao ukutani: gari na mali zilizomo ni juu ya mwenyewe. Kibao kilikuwepo siku zote, mimi ndiye sikuwahi kukisoma. Polisi nilipata RB, yaani namba ya taarifa ya tukio, kwa ajili ya kazini, na afisa aliyeniandikia akaniuliza swali moja tu: "Ulivuta kitasa baada ya kufunga?" Sikuvuta.

Alinielewesha yeye. Rimoti ya gari ni redio ndogo. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa ya megahezi 315, ya Ulaya mengi 433. Mtu akikaa jirani na kifaa kinachomwaga makelele kwenye masafa hayo, gari halisikii amri yako. Umebonyeza, umegeuka, unatembea unasoma meseji, mlango uko wazi. Hakuna kinachovunjwa, hakuna anayekimbia. Kwa mtu aliye mbali anaonekana ni mwenye gari amekuja kuchukua begi lake. Ushahidi kwamba ndivyo nilivyofanyiwa sina. Mke wangu anashikilia hadi leo kwamba nilisahau kufunga, na simshindi kwa hilo.

Ndipo nikanunua alamu. Sitaji jina, zinafanana zote: boksi la ubongo wake, king'ora cha kufunga chini ya boneti, sensa ya mtikisiko, rimoti mbili na furushi la nyaya. Boksi 180,000, fundi umeme 40,000, kazi ya saa tatu huku dashibodi langu limelala kwenye kiti cha mbele. Nilirudi nyumbani Tabata najisikia mtu mzito.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Bodaboda yenye eksozi iliyotobolewa ikipita, inalia. Radi, inalia. Paka akiruka kutoka ukutani kuja juu ya boneti, inalia. Na pale tunapopaki kuna mwembe, na ilikuwa Novemba. Embe moja likidondoka juu ya bati la gari saa nane usiku linatosha kuamsha nyumba sita. Mama mwenye nyumba wa jirani alinivumilia siku nne, ya tano akanisimamisha asubuhi. "Mwanangu, hilo gari lako linaumwa nini?"

Kumbe kwenye sensa kuna kiskrubu kidogo cha kupunguza ukali. Fundi hakuniambia, na karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Nilikigundua mwenyewe kwa kulala chali chini ya usukani na tochi mdomoni. Ukinunua alamu, mwambie fundi akuoneshe skrubu hiyo kabla hujamlipa, kisha muijaribu pamoja: gonga kioo kwa kiganja, ilie, gonga paa kwa kidole, inyamaze. Sisi hatukufanya hivyo. Tulibonyeza rimoti ikalia "twiit", tukafurahi, nikatoa hela.

Jambo la pili ni betri. Desemba, unajua tena, tulipanda Moshi siku 18, gari likabaki. Tuliporudi lilikuwa bubu, hata taa ya mlango haikuwaka. Fundi mwingine alipima na mita akakuta gari likiwa limezimwa linakunywa miliampea 60. Inaonekana kidogo, ila kwa siku ni karibu ampea-saa moja na nusu, na betri ya IST ni ndogo, yangu ni ya 35. Piga hesabu ya siku 18 uone kilichobaki. Sasa nikisafiri nachomoa kichwa cha hasi cha betri. Maana yake ni kwamba siku ninazoihitaji alamu kuliko zote, ndizo siku nimeizima.

Niipe haki yake. Rimoti ya awali ya gari langu ilikuwa inawasha indiketa tu, na juani indiketa huzioni. Alamu inatoa mlio, kwa hiyo kimya chenyewe ni taarifa: usiposikia "twiit", rudi. Mara moja nimerudi kweli, maegesho ya sokoni, nikabonyeza mara tatu bila jibu, nikafunga kwa ufunguo. Sijui kama kulikuwa na mtu au rimoti ilichoka, ila niliingia sokoni moyo umetulia. Pia inajifunga yenyewe baada ya nusu dakika ukiifungua bila kugusa mlango. Hilo ni zuri mpaka siku utakapoacha funguo kwenye buti.

Kisha Februari, nyumbani, chini ya mwembe ule ule, wakaja. Alamu ililia. Niliisikia mwenyewe usingizini, nikavaa kandambili, nikatoka: kioo cha kulia kimekwenda, gamba limebaki. Sidhani walitumia hata sekunde kumi. Jirani niliyemsumbua Novemba nzima alinihurumia sana asubuhi. "Nilisikia baba, nikajua ni kawaida yake."

Hapo ndipo nikaenda kufanya kitu ambacho baba mkwe aliniambia tangu siku nilipotoa gari bandarini, nikakidharau kwa sababu ni kibaya kwa macho: kuchora namba. Kijana mwenye kimashine kinacholia kama cha daktari wa meno alikaa kwenye gari langu dakika arobaini. Akaandika namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni, tena katikati kabisa wala si pembezoni, kisha taa za mbele, taa za nyuma, na kona ya kila kioo cha mlango. Akamalizia kwa kupiga ribiti mbili kila saiti mira ili kioo kisichomoke kwa kukibinya. Shilingi 15,000 zote. Mwandiko wake si wa kujivunia. Saba yangu kwenye taa ya kushoto inafanana na moja. Wiki ya kwanza nilikuwa naona namba yangu inaelea juu ya kila gari lililo nyuma yangu, sasa siioni tena. Ukikuta gari lina namba kila kioo, ujue limekaa Dar.

Ni miezi 14 sasa. Hakijaondoka kitu. Sisemi haiwezekani, maana ribiti inatoboleka na mwenye hasira anaweza kuvunja tu aondoke. Lakini kibaka haogopi kelele za dakika moja, hilo nimeliona. Anachotafuta ni mtu wa kumuuzia kabla hakujapambazuka, na kioo kilichochorwa namba ya mtu hakifutiki bila kukiharibu. Mwenye duka naye anajua kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na hapa ushahidi umeandikwa juu ya mali yenyewe. Nilimuuliza yule muuzaji wa Kariakoo, siku nyingine nimekwenda kununua wiper, kama angenunua kioo chenye namba. Akacheka. "Nikakiweke wapi, mzee?"

Kuna kitu kinanikera katika ushindi huu, nacho nikiseme. Mwezi wa tatu tangu nichore, kijana anayepanga chumba cha uani aliibiwa vioo vya Passo yake, imepaki ubavuni mwa gari langu. Walipita kwangu wakaenda kwake. Nilimpa namba ya mchoraji siku hiyo hiyo, ila ningempa mapema.

Kuhusu begi, hakuna nilichonunua kilichosaidia. Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti, ambacho shemeji anacho na analipia kila mwezi, kitakuambia gari liko wapi. Begi likishatoka mlangoni hakina habari nalo. Kilichobadilika ni mimi. Navuta kitasa, kila mara, hata wanaonisubiri wakinicheka. Laptopu inaingia kwenye buti nyumbani kabla ya kuondoka, si pale nilipofika, kwa sababu anayekaa maegeshoni kuangalia watu anakuona ukilifunika. Chaja na koti navyo havibaki kitini, maana kibaka hajui kama chini ya koti kuna kitu mpaka avunje kioo aangalie, na kioo cha mlango kinasambaratika chote, si kama cha mbele kinachopata ufa na kubaki. Kwenye foleni ya Ubungo au Mwenge simu haikai mapajani na dirisha likiwa wazi. Kiyoyozi changu kinakula mafuta, nimekubali.

Kwa anayetaka nyota: kuchora namba na ribiti, tano, napunguza nusu kwa ile saba. Alamu, tatu, na ingekuwa mbili kama isingekuwa na ule mlio. Fundi aliyeifunga, moja. Kuvuta kitasa ni bure.

Alamu bado ninayo, nimeilegeza skrubu hadi mwisho kabisa. Juzi ililia tena saa tisa usiku. Nikatoka na tochi, nikalizunguka gari, vioo vipo, taa zipo. Dirisha la jirani likafunguka.

"Embe?"

"Embe, mama. Samahani."