Chumvi ya sodiamu pungufu: nimeipikia nyumba nzima, haya ndo maoni yangu

Kuna hizi chumvi ziko kwenye supamaketi kubwa hapa Dar, kopo dogo, mbele wameandika ina sodiamu pungufu, watu wenye presha au wenye wazazi wa presha wanapita pale wanaishika wanaiangalia bei wanairudisha. Mimi nimeinunua na ndo naipikia nyumbani, mama yangu yuko kwenye dawa za presha na tunakaa watu wazima wanne, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama inafaa au ni kupoteza hela tu. Kampuni sitaitaja, ziko kadhaa na ukisoma nyuma vilivyomo vinafanana sana.

Jibu langu la haraka: inafaa, na ntanunua tena. Ila sio ya kila mtu, kuna watu hawatakiwi kuigusa bila daktari, hiyo sehemu iko chini kidogo naomba sana usiiruke.

Kwanza ni kitu gani. Chumvi yetu ya kawaida ni sodiamu kloraidi, na asilimia kama 40 ya uzito wake ni sodiamu, hiyo sodiamu ndo inayopandisha presha. Hii ya kwenye kopo wametoa sehemu ya sodiamu kloraidi wakaweka potasiamu kloraidi, nayo ni chumvi pia, nyeupe vilevile, ina chembe vilevile, ukiiweka kwenye kisosi huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ya kwangu karibu theluthi mbili ni hiyo potasiamu kloraidi. Zipo nyingine zenye potasiamu robo tu na robo tatu zilizobaki ni chumvi ya kawaida, na kama ungeniuliza mimi ningependa hizo ndo zijae madukani kwetu, nitasema kwa nini.

Bei ndo kikwazo kikubwa. Pakiti ya chumvi ya kawaida kwa mangi hapo nje hata buku haifiki au inafika kidogo, hiki kopo ni bei ya kununua pakiti nyingi tu za ile na halijai hata nusu kilo. Kwa mtu wa kipato cha kawaida ni gharama ya kweli, sisemi uongo. Na haipatikani mtaani, mpaka upande daladala uende kwenye maduka makubwa.

Sasa kwa nini nasema inafaa pamoja na bei hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa vizuri, hapo ni kila kitu, mchuzi, chapati, mkate, kachumbari, karanga za kuchoma. Wastani wa dunia unapita mara mbili ya hapo. Kama unataka kujua nyumbani kwako mko wapi fanya hivi, chukua pakiti ya nusu kilo andika tarehe uliyoifungua. Ikiisha ndani ya wiki mbili na mko wanne basi kila mtu amepewa karibu gramu 9 kwa siku kutoka jikoni peke yake, hata ukitoa ile inayomwagika na maji ya kuoshea samaki bado ni nyingi, na hapo hujahesabu chipsi za jioni. Ikifika mwezi mko kwenye gramu 4 na kitu, hapo afadhali.

Na hapo ndo hii chumvi ina maana kwetu kuliko kwa watu wa Ulaya na Marekani. Kule sehemu kubwa ya chumvi wanaila kwenye vyakula vya viwandani, mkate, soseji, supu za makopo, hivyo ukibadilisha chumvi ya jikoni unakuwa hujagusa kitu kikubwa. Sisi chumvi nyingi bado inatoka kwenye mkono wa mpishi, ukibadilisha kopo umebadilisha karibu kila sahani ya humo ndani. Wachina walilijaribu hili vijijini, vijiji 600, watu karibu 21,000 ambao wengi walishawahi kupata kiharusi au ni wazee wenye presha, nusu ya vijiji wakapewa chumvi yenye robo potasiamu nusu wakaendelea na ya kawaida, wakafuatiliwa karibu miaka mitano. Matokeo yalitoka 2021, waliopewa hii chumvi kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Hawakuambiwa waache kupika vyakula vyao, kilichobadilika ni chumvi. Mimi hilo ndo lilinifanya nitoe hela, maana kiharusi nakijua, mtaani kwetu kuna wazazi wamelala ndani upande mmoja haufanyi kazi na ni watu waliokuwa wanatembea sokoni mwaka juzi.

Haya, watu wanataka kujua ladha.

Ukiilamba kavu ina chumvi ndiyo, halafu baada ya sekunde unapata uchungu fulani nyuma ya ulimi kama umelamba sarafu. Huo uchungu ndo potasiamu. Swali ni wapi unajificha na wapi haujifichi, na hapa nina majibu maana nimeshaijaribu kwenye karibu kila tunachopika.

Mchuzi wa samaki wa nazi, hakuna mtu aliyejua. Vibua vya kukaanga ukivikanda na ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, hakuna aliyejua. Maharage ya nazi safi kabisa, mama alisema "mwanangu haya ya leo yamekolea" na mimi nilikaa kimya tu nikamwongezea. Wali wa nazi mzuri pia. Mchuzi wa nyama wa nyanya na bizari mzuri, pilau ndo usiseme maana viungo vyenyewe vinafunika kila kitu. Chapati sikuona tofauti yoyote kwenye unga. Kwa kifupi popote penye nazi, ndimu, ukwaju, nyanya nyingi au viungo vikali, uchungu haupo.

Tatizo ni vitu vitupu. Kachumbari mdogo wangu aliweka kijiko kimoja mdomoni akauliza "dada hii kachumbari umeweka nini?" Yai la kuchemsha halifai kabisa. Embe bichi na pilipili halifai, mihogo ya kuchemsha ukichovya halifai, supu nyeupe ya kuku isiyo na ndimu unauhisi uchungu. Kwenye hivyo vitu mimi naweka chumvi ya kawaida chembe chache mwishoni kabisa juu ya chakula au siweki kabisa nakamua ndimu, na kachumbari ikikaa na ndimu na pilipili mbuzi robo saa hivi kwa kweli chumvi haiulizwi.

Kitu kingine, hii chumvi haikolei kwa nguvu sawa na ya kawaida, kwa hiyo mkono unataka kuongeza. Usiongeze. Weka kiasi kilekile au pungufu, onja kwenye kiganja, ukiona mchuzi chapwa anza na ndimu, bado? ongeza kitunguu saumu au pilipili manga. Wiki za mwanzo chakula kinaonekana kimepooza, ulimi unazoea pole pole, sasa hivi nikila kwa watu naona chumvi imezidi na wenyewe wanaona ni kawaida.

Ile sehemu niliyosema usiruke ni hii. POTASIAMU SIO YA KILA MTU. Figo ndo zinazotoa potasiamu iliyozidi mwilini, mwenye figo dhaifu inabaki kwenye damu, na ikipanda sana inaharibu mapigo ya moyo na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo, anayesafishwa damu, mwenye kisukari cha muda mrefu ambacho kimeshagusa figo, moyo uliochoka, usimpikie hii bila daktari kukubali. Na kuna dawa za presha zenyewe zinabakisha potasiamu mwilini, losartan, lisinopril, enalapril, spironolactone, hizi wazee wetu wengi wanazimeza. Mama yangu yuko kwenye amlodipine ambayo haimo kwenye kundi hilo, na bado daktari wa kliniki alisema apimwe figo na potasiamu kwanza ndo tuanze, tukapima, yako sawa, ndo nikafungua kopo. Shirika la Afya Duniani mwezi wa kwanza 2025 lilitoa mwongozo likasema watu wazima wakitumia chumvi basi wabadilishe kwenda kwenye hizi zenye sodiamu pungufu, lakini likawatoa watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo. Ndugu zangu wakija likizo na watoto mimi narudi kwenye chumvi ya kawaida, kidogo, na kopo linapanda kabatini juu.

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye kopo onyo limeandikwa kwa herufi ndogo mno nyuma, na kwa lugha ambayo bibi wa Mbagala haisomi. Kwa bidhaa inayolenga wagonjwa wa presha onyo linatakiwa kuwa mbele, kubwa, na kwa Kiswahili. Nyota moja naikata hapo moja kwa moja. Na ndo maana napendelea zile za robo potasiamu, uchungu ni mdogo, potasiamu ni kidogo, na ndo aina iliyofanyiwa utafiti ule wa vijijini China.

Angalia pia madini joto. Chumvi ya kula Tanzania na Kenya kisheria inatakiwa iwe na madini joto, na tunajua kwa nini, watu wa bara hasa nyanda za juu walikuwa wanapata rovu, ule uvimbe wa shingo. Hizi za kopo nyingine zinayo nyingine hazina, geuza usome kabla ya kulipa. Ya kwangu inayo. Ukikuta haina iache hapohapo.

Na hiyo ya pinki inayouzwa pembeni yake bei juu zaidi, wanaiita ya Himalaya, watu wanaichukua wakidhani ni ya presha. Sio. Karibu yote ni sodiamu kloraidi ileile ya Bagamoyo na Uvinza, rangi ni ya madini machache sana, na nyingi hazina madini joto. Kwa presha haina msaada wowote, hela yako iweke kwenye samaki.

Jambo la mwisho na kwangu ni kubwa kuliko kopo lenyewe. Ukinunua hii chumvi halafu ukaendelea na magadi na vidonge vya mchuzi, hujafanya kitu. Magadi ni sodiamu pia, ile kaboneti na baikaboneti ya sodiamu inayochimbwa Ziwa Magadi, na sisi tunaiweka kwenye maharage, makande, kisamvu, mlenda, tena kwa kukadiria. Nyumbani nimeitoa, maharage naloweka usiku mzima namwaga yale maji napika na mapya, yanaiva bila magadi, mkaa unaongezeka kidogo lakini yanaiva. Vidonge na unga wa mchuzi wa pakiti soma orodha ya vilivyomo, chumvi iko juu kabisa, mtu anaweka vidonge viwili halafu anaongeza na chumvi kijiko. Badala yake mimi naponda kitunguu saumu, giligilani, bizari nzima, nakaanga na nyanya mpaka mafuta yaelee. Ng'onda na papa siachi, mimi mtu wa Tanga siwezi, ila naloweka, namwaga maji, naloweka tena, na kwenye mchuzi wake chumvi siongezi hata chembe. Chipsi za kibandani unamwambia tu kaka usininyunyizie, anakuangalia lakini anakupa.

Presha ya mama imeshuka kulingana na kadi yake ya kliniki, na daktari ameridhika, ila siwezi kukuambia ni kopo peke yake maana na magadi tumetoa na asubuhi anatembea na dawa anameza kama kawaida. Dawa usimwachishe mtu eti kwa sababu umenunua chumvi, tafadhali.

Natoa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ladha ni nzuri ukijua wapi pa kuiweka, zilizokatwa ni kwa ajili ya bei na lebo. Kama figo zimepimwa na ziko salama nunua kopo dogo kwanza, anza na maharage ya nazi, usianze na kachumbari. Kama hela haitoshi chukua pakiti ya kawaida yenye madini joto andika tarehe juu yake, iliyokuwa inaisha wiki mbili ijitahidi ifike mwezi, hiyo haina gharama na hata mwenye figo mbovu anaweza.